Mwanamume wa Luena Asiyekuwepo

Ninyi mlioniacha wiki jana nimejikunja sakafuni, nimeuma pembe ya blanketi ili majirani wasinisikie, jueni sikufa. Ningekufa, nani angewasimulia?

Kwa mwenye kufungua gazeti hili leo tu, nampa kwa ufupi. Mimi ni Tamar Kabedi, mke wa Éliézer Nkashama, karani wa gare, kituo cha treni, hapa Kamina. Kila mwezi damu ikikaribia, tumbo linanikaba mpaka natapika, mgongo unakatika, kusimama siwezi. Daktari Mzungu alinipapasa, akasema kuna nyama ya kizazi iliyoota nje ya mahali pake.

"Dawa yake?" nikamuuliza.

"Uzae. Ukibeba mimba, itatulia."

Haya! Miaka yote ya ndoa sijashika mimba hata ya kusingiziwa, na dawa yangu ndiyo hiyo hiyo. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Halafu ndui ikaingia mjini. Siku ya kwanza walipokuja kuchanja watu wa mtaa wetu, mimi nilikuwa katika damu. Wamama wa kanisa wakanivuta kando: mwanamke wa damu hachanjwi, kidonda cha mkono kitaitana na kidonda cha tumbo, atamwagika mpaka aishe. Nikawaamini. Nyumba nzima ikarudi na alama ya chanjo mkononi, isipokuwa mimi.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni yaliyofuata, na mwenye kiti akae.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafagia uani. Agar, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akatoka mlangoni mwake na kanga kichwani, macho yamevimba.

"Agar, moyo wenu! Mumelala?" nikamsalimu kikwetu.

"Usikaribie, Tamar!" akapiga kelele. "Baki kule kule! Mutoto iko na ndui."

"Ndui? Ule mudogo?"

"Uso yote, Tamar. Na mikono. Na ndani ya kinywa." Akaninyoshea kidole. "Jana alikuwa mu mikono yako. Jana tu ulimubeba."

Ufagio ukaniponyoka. Kweli, jana yake nilimbeba mtoto yule, nikamfuta makamasi, nikamwimbia. Mwanamke asiye na mtoto hubeba watoto wa watu.

Jua halijapanda, lori la kambi ya ndui likaja. Wakamchukua Agar na mtoto wake pamoja, wakafunga mlango kwa mbao. Mimi nikabaki na mikono yangu, naisugua kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikawaka moto.

Ndugu zangu, niliogopa. Sioni haya kusema. Mwili wangu ulikuwa umechoka kupita kiasi, kila mwezi namwaga damu, kucha zimekuwa nyeupe, nikipanda ngazi tatu za kanisa nashika ukuta. Mwenye nguvu ndui inambishia hodi. Mimi ingeingia tu.

Mchana kapita wa mtaa, msimamizi wetu, akapita anapiga kengele.

"Kesho Ijumaa, kuchanja ya mwisho! Ku dispanseri! Nyumba kwa nyumba, mukubwa wa nyumba njo ataleta bantu yake! Muntu asiye na mukubwa hapana kuchanjwa!"

Mungu amenikumbuka, nikasema. Nikaenda jikoni kwa mama mkwe wangu, Mulanga. Sisi wa Kasai tunamwita mamwenu, na tunamsemesha kwa heshima, hata ukiwa umechemka ndani.

"Mamwenu, mumesikia kengele? Kesho munipeleke, tafazali."

Hakugeuka. Alikuwa anakoroga bukari, ugali wetu.

"Hauendi, Kabedi."

"Mamwenu, mutoto wa Agar..."

"Nimeona. Njo maana hauendi." Akaweka mwiko chini, akanitazama. "Ile tumbo yako hapana ugonjwa. Nimenyamaza siku mingi, leo nasema. Ile ni tshibawu."

Tshibawu! Msio watu wetu, nawaeleza. Mke akienda nje ya ndoa akanyamaza, jambo lile linakaa ndani yake. Linamla yeye, linafunga watoto wasije, na mwisho linamwangusha mume. Dawa yake ni kutoa jina la mwanamume mbele ya wazee, aogeshwe, yaishe.

"Mamwenu, sijajua mwanaume mwengine. Kweli ya Mungu."

"Bote banasemaka vile."

"Naapa ku Biblia!"

"Acha Biblia ya batu. Sikiliza. Sindano ikiingia mu mwili ya tshibawu, kidonda hapana kukauka. Utaoza weye, na mwana wangu atakufuata. Niko na mwana mumoja, Kabedi. Mumoja tu." Akanishika mabega. "Toa jina. Ukitoa leo, tunakuogesha leo, na kesho minyi mwenyewe nitakushika mukono mpaka ku dispanseri."

"Na kama sina jina?"

"Basi utabaki mu nyumba."

Msimchukie Mamwenu. Kila mwezi nilipoanguka, yeye ndiye aliyenisugua mgongo kwa mafuta ya mawese. Yeye ndiye aliyenilisha uji na kumwaga matapishi yangu bila kukunja uso. Wakwe wengine wa mtaa wetu wangenirudisha kwa baba yangu zamani. Huyu alinipenda, na kwa sababu alinipenda alinibana.

Nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Nikafikiria kutoroka niende peke yangu, lakini kapita anatujua wote, asiye na mkubwa anarudishwa. Nikafikiria kumngoja Éliézer. Éliézer wangu mwema, mtu wa kusali, lakini hajawahi kumpinga mama yake hata kwa chumvi ya mboga. Kutoka ukutani nikasikia paka wa Agar analia ndani ya nyumba iliyopigiliwa mbao.

Nilitaka kuishi. Basi. Sikuwa na wazo lingine kubwa zaidi ya hilo.

Nikatoka, nikapiga magoti jikoni.

"Muite Tatu Tshibangu," nikasema. "Nitatoa jina."

Mamwenu alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Alilia, akanishukuru, akanibusu kichwani, na kila busu lilinichoma.

Tatu Tshibangu ni mjomba wa mume wangu; "tatu" kwetu ni baba. Jumapili anapitisha kikapu cha sadaka, na ikilazimika Alhamisi anakamata kuku mweupe. Alikuja na kofia yake, akaiweka gotini, akakohoa kidogo kuonyesha kwamba mambo ni mazito.

"Moyo weye, mutoto. Usiogope. Tunataka amani tu. Jina yake?"

"Mwila," nikasema. Ndilo lililokuja kinywani.

"Mwila wa wapi?"

"Wa Luena."

"Kazi yake?"

"Makaa ya mawe."

"Ulimukuta wapi?"

"Mu treni. Ule mwaka nilienda kumuona shangazi."

Mamwenu akapiga kofi paja lake. "Minyi nilisema! Ile treni! Alirudi mwembamba!"

"Ngoja, Mulanga," akasema mzee. "Mutoto, iko namna gani huyu Mwila? Lazima nimujue, siku moja nimukamate anipe mbuzi ya bwana yako."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikafunga macho nitafute mwanamume.

"Mrefu," nikasema. "Bega la kushoto linashuka kidogo. Akitaka kusema neno zito anakohoa kwanza. Akicheka anafunika mdomo, kwa sababu ya jino lililovunjika. Anapenda kula samaki kuanzia kichwa."

Mamwenu akamsukuma kando kuku mweupe aliyefungwa miguu, akanisogelea.

"Aka!" Mamwenu akasema. "Ile si Éliézer?"

Mwanamume mwingine ningemtoa wapi? Sijawahi kumtazama mwingine kwa karibu, kwa hiyo nilimtoa niliyemjua.

Tatu Tshibangu akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyeona mengi.

"Njo vile banafanyaka, Mulanga. Muke mwema akipotea, anatafuta mwenye kufanana na bwana yake."

"Kweli," akasema Mamwenu, akafuta machozi. "Hata mu kosa alimukumbuka mwana wangu."

Ningeweza kucheka. Ningeweza pia kujitupa kisimani. Sikufanya lolote kati ya hayo, niliinamisha kichwa tu.

Wakanipeleka nyuma ya nyumba. Maji ya majani, baridi, kuanzia kichwani. Kuku akazungushwa juu yangu. Lupemba, ule udongo mweupe, ukapakwa kifuani na tumboni. Tatu Tshibangu akasema maneno ya wazee, kisha, Mmethodisti yule, akamalizia na "Amina".

"Imeisha," akaniambia. "Tumbo yako iko huru."

Jioni Éliézer akarudi kutoka gare. Kabla hajavua kofia ya kazi, mama yake akamvuta uani. Niliwasikia wakinong'ona. Nilisikia "Luena". Nilisikia "treni".

Akaingia. Akasimama mbele yangu, uso umekuwa wa mtu mwingine. Akakohoa.

"Tamar. Ni kweli?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake niliona ncha ya kitambaa cha Mamwenu. Nikisema hapana, kesho sichanjwi. Nikisema ndiyo, namuua huyu mtu akiwa amesimama.

Nikajiambia: Tamar, chanjwa kwanza. Kesho mchana, alama ikiwa mkononi, utampigia magoti, utamweleza yote, atacheka, atafunika mdomo.

"Ni kweli," nikasema.

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alinitazama tu, halafu akatoka, akaenda kulala kwa Tatu Tshibangu. Sahani yake ya samaki ikabaki mezani imefunikwa.

Ijumaa nikaamka kabla ya jogoo, na kitu cha kwanza nilichokisikia ni mgongo.

Hapana, nikasema. Si leo. Siku zangu bado! Lakini mgongo haukunisikiliza. Ukavuta, ukakata, ukashuka mapajani. Tumbo nalo likaanza kujikunja. Nikajifunga nguo juu ya nguo, nikameza matapishi, nikajipaka mafuta usoni ning'ae.

Maana nani ningemwambia? Mamwenu angejua kwamba niko katika damu, asingenipeleka. Tena tumbo langu lilikuwa limetangazwa huru.

"Unaona?" akaniambia Mamwenu tukivuka reli, amenishika mkono kama alivyoahidi. "Uso yako inaangaza! Hata kutembea, unatembea mupya!"

"Asante, Mamwenu," nikasema kwa meno yaliyobanana.

Mbele ya dispanseri kamba ilikuwa imefungwa, wanawake huku, wanaume kule. Éliézer alikuwa amekuja, kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Alisimama upande wa wanaume na kofia yake ya gare, akaangalia juu ya kichwa changu. Nikamsalimu kwa macho. Hakupokea.

Infirmier Ngoie, muuguzi wa dispanseri, alikuwa mezani na kile kichuma chake cha kuchanjia, kinachofanana na kalamu ya shuleni. Kabla ya kuchanja alimshika kila mtu paji la uso, akamuuliza swali lile lile.

"Mugongo inauma?"

"Hapana."

"Leta mukono."

Mama mmoja wa mbele akajibu kwamba mgongo unamuuma kidogo, tangu juzi. Hakuchanjwa, eti ndui huanzia mgongoni. Alipelekwa moja kwa moja kwenye lori lililokuwa likingoja, lile lile lililomchukua Agar. Nikaliangalia lori. Mle ndani walikaa watu ambao nyuso zao sitawaeleza. Na mimi sina hata alama moja ya kunikinga. Kupanda lile lori bila chanjo ni kupelekwa mikononi mwa ndui.

Simama wima, Tamar. Simama wima, mama.

Mbele yangu akabaki bibi mmoja. Akachanjwa, akaondoka anapuliza mkono wake. Nikapiga hatua, nikakunja mkono wa gauni mpaka begani, nikaunyosha.

"Mugongo inauma?" akauliza Ngoie.

"Hapana, bwana."

"Homa?"

"Hapana."

Akachovya kichuma. Nilikiona kinashuka. Na hapo hapo tumbo likanikamata kwa nguvu zote, magoti yakakunjika, nikatapika juu ya viatu vya Infirmier Ngoie.

Watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Mtu akapiga yowe. Ngoie akaniinamia, akanibonyeza kiunoni kwa vidole viwili tu, nami nikalia kwa sauti ambayo hata kwenye lori walisikia.

"Mama, unanidanganya juu ya nini? Mugongo hii inauma!"

"Si ndui, bwana! Ni tumbo yangu ya mwezi! Inanikamataka kila mwezi!"

Niliyasema hayo mbele ya wanaume wa kanisa letu, mbele ya mjomba, mbele ya kapita. Aibu niliiacha pale chini pamoja na matapishi. Mwanamke mmoja akaonyesha mguu wangu kwa kidole, damu ilikuwa inashuka.

"Munaona!" nikasema. "Damu njo hii! Damu ya mwezi!"

Ngoie hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mama," akasema polepole, "ile ndui mubaya kabisa inaanza vile vile. Mugongo, kutapika, na kwa banamuke, damu. Nimeona wengi wiki hii. Minyi nitatofautisha namna gani? Uko na muntu mwenye kujua bugonjwa yako?"

Ninaye! Nani Kamina nzima anaijua kuliko yeye?

"Mamwenu!" nikaita. "Mamwenu, muje! Museme!"

Mulanga akatoka katika mstari. Watu wakampisha. Akanikaribia bila kuogopa, peke yake kati ya wote, akanipangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa chake.

"Mama," akauliza Ngoie, "huyu inamuumaka hivi kila mwezi?"

"Ndiyo," akasema Mamwenu. "Kila mwezi. Minyi njo namusuguaka mugongo."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ngoie akakichukua tena kile kichuma. Nikanyosha mkono.

Lakini Mamwenu hakuwa amemaliza.

"Lakini ile ilikuwa ya tshibawu," akasema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Jana alitoa jina ya ule mwanaume, tukamuogesha, ikaisha. Iliisha kabisa. Kama leo inamuuma tena, basi hii hapana ile. Hii ni ndui, bwana. Jana alibeba... juzi alibeba mutoto wa Agar. Mumupeleke upesi, mumuponyeshe. Ni mutoto yangu huyu."

Mutoto yangu. Miaka yote ile nilingoja neno hilo litoke kinywani mwake, na lilitoka siku hiyo, likinisukuma kwenye lori.

Wanaume wawili waliofunga vitambaa puani wakanishika kwapa.

"Nilidanganya!" nikapiga kelele. "Hakuna Mwila! Hakuna muntu wa Luena! Nilitoa jina tu juu munilete nichanjwe! Mamwenu, nilidanganya!"

Mamwenu akarudi hatua moja, ameshika kifua.

Upande wa wanaume Tatu Tshibangu akavaa kofia yake. "Kama alidanganya," akasema, "basi jina ya kweli iko bado ndani."

"Hakuna jina! Hakuna!"

Ngoie akainua mkono, watu waache kelele.

"Minyi sijui mambo yenu ya Kasai," akasema. "Niko na bantu bengi banangoja. Bwana yake iko wapi?"

Éliézer akapita chini ya kamba. Alikuja mpaka pale nilipokuwa, akasimama.

"Weye unalala naye nyumba moja," Ngoie akamwambia. "Ukiniambia ni tumbo yake ya siku zote, namuchanja sasa hivi, ninyi murudi nyumbani. Ukiniambia hapana, anapanda lori. Sema."

Mkono wangu ulikuwa bado uchi mpaka begani. Nikamtazama mume wangu, nikamwita jina lake, nikamwambia wewe unanijua, Éliézer, wewe umeniona nikilala sakafuni, sema.

Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Jana nilikuuliza, ukaniambia ni kweli. Leo unaniambia ni uongo. Tamar, minyi nimwambie nini huyu munganga? Nikuamini weye wa jana, ao weye wa leo?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nyuma yangu dereva akawasha lori.